Nina madeni yaliyolala na naombwa kibali cha usalama Marekani: niyaandike au nikae kimya?

#1 Mtoto wa Feri
Wakuu, habari za Jumapili. Niko Maryland, uraia nilishapata. Nimepewa ofa ya kazi ya kompyuta kwenye kampuni yenye kandarasi na Jeshi la Majini la Marekani. Mshahara mzuri, lakini ofa imefungwa kwenye kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kushika siri za serikali, daraja la Siri. Fomu inaitwa SF-86, ukiichapisha inapita kurasa 100, inauliza mpaka majirani zako wa zamani.

Nimekwama sehemu ya 26, ya fedha. Kipindi cha korona kazi ilisimama, nikalazwa sina bima. Bili ikaenda kwa wakusanya madeni. Kadi mbili za mkopo nazo nikaacha kulipa, benki zikazifuta vitabuni kama hasara. Jumla kama dola 14,000. Binamu yangu ananiambia nisijaze, kwamba madeni yakifika miaka saba yanapotea kwenye ripoti ya mikopo na hakuna atakayejua.

Naomba kujuzwa na wenye uzoefu: kinachowanyima watu kibali ni deni au ni uongo?

#2 Chapati Maji
Natandika mkeka kabisa. Wa Maryland mnakujaga na nyuzi tamu.

#3 Dada wa Norfolk
Mtoto wa Feri, mdogo wangu, huyo binamu atakuponza. Nimekaa jeshini miaka, hili nimeliona kwa macho.

Wanaoamua faili wanatumia mwongozo mmoja kwa serikali nzima, SEAD 4, ulioanza kutumika Juni 2017. Una vipengele 13, kuanzia A mpaka M. Deni liko F, uongo uko E. F ina milango mingi ya kutokea: ulipoteza kazi, uliugua, ndoa ilivunjika, kuna msiba, na ukaonyesha kwamba baada ya hapo ulijitahidi. Wewe umeugua bila bima wakati dunia nzima imefungwa. Hiyo imeandikwa mle karibu neno kwa neno.

E haina huruma hivyo. Ukiacha kuandika kitu kwa makusudi, hawana tena haja ya kujadili deni, wanakujadili wewe. Na ile fomu unatia sahihi chini ya sheria ya shirikisho, kifungu cha 1001. Uongo wa makusudi ni mpaka miaka mitano jela. Wanaofungwa kwa fomu peke yake ni wachache, ila kibali kinakwenda na maji.

#4 Mlami wa Rongai
Hii ni kama huku kwetu Kenya tu. Ukiitwa kazi ya serikali unabeba cheti cha CRB (rekodi ya mikopo), cha HELB (mkopo wa chuo), cha KRA (kodi), cha EACC (rushwa) na cha polisi. Una deni, huna cheti, huna kazi. Lipa kwanza ndugu, halafu uombe. Hakuna cha kujieleza.

#5 Dada wa Norfolk
#4 hapana kaka, huku hakuna cheti cha kuwa huna deni. Hakuna hata kiwango kwamba ukizidisha dola kadhaa umefeli. Kuna watu wanadaiwa mikopo ya chuo dola laki na ushee wana kibali cha Siri Kuu, kwa sababu wanalipa kila mwezi. Na kuna anayedaiwa elfu nane akanyimwa kwa sababu hata simu ya mdai hapokei.

#6 Mzee Kipara
Vijana mnazunguka. Sababu ya deni ni moja tu, ujasusi. Mtu mwenye njaa ya pesa ananunulika. Someni historia. John Walker wa Jeshi la Majini, baa yake haikulipa, 1967 akaingia ubalozi wa Wasovieti Washington kuuza siri, akaendelea mpaka 1985 walipomkamata. Ronald Pelton wa NSA, shirika la kunasa mawasiliano, alitangaza kufilisika 1979, akaacha kazi mwaka huohuo, Januari 1980 akawatafuta Wasovieti. Huyo hakuwa hata na karatasi, aliuza alichokumbuka kichwani. Aldrich Ames wa FBI talaka ilimkausha, 1985 akaanza kuwauzia, wakamlipa zaidi ya dola milioni mbili.

Serikali iliyokwisha umwa hivyo itaacha kuuliza kadi zako za mkopo?

#7 Kalamu Nyekundu
Mzee #6 shikamoo, ila Ames alikuwa CIA. Wa FBI ni Robert Hanssen, alikamatwa Februari 2001.

Na huyo Ames anaharibu hoja yako mwenyewe. Wakati anadaiwa hakuna aliyemshtukia. Baadaye akanunua nyumba Arlington kwa dola 540,000 taslimu, anaendesha Jaguar na mshahara wa serikali, na bado ilichukua miaka mpaka 1994. Mashine ya kupima uongo alipita 1986 na tena 1991. Sasa hiyo sehemu ya 26 ilisaidia nini?

Halafu Ana Montes wa ujasusi wa jeshi, aliyewafanyia kazi Wacuba mpaka Septemba 2001, hakuwa na madeni na wala hakufanya kwa ajili ya pesa. Alikuwa na imani yake. Fomu ya fedha isingemkamata hata siku moja.

#8 Mzee Kipara
Marahaba mwanangu. CIA, sawa. Lakini Ames aliposema mwenyewe kilichomsukuma alitaja nini? Madeni. Usinitoe relini.

#9 Chapati Maji
Kwa hiyo hapa Mbagala wote tuliochukua mikopo ya kausha damu ni majasusi watarajiwa. Mrusi aje na laki tatu tu, namchorea ramani ya kituo cha daladala.

#10 Mlami wa Rongai
#9 😂😂 Mimi Fuliza yangu ingejaza kurasa 40 peke yake.

#11 Fundi Faili
Nimechelewa kuuona uzi. Nimefanya kazi ya kuandaa mafaili haya upande wa makandarasi, kwa hiyo nitasema kwa urefu kidogo.

Mzee Kipara ana nusu ya ukweli. Mwongozo wa F unataja hatari ya mtu kuingia kwenye vitendo haramu ili apate pesa. Lakini kabla ya hapo unasema jambo lingine: anayeshindwa kuishi ndani ya kipato chake na kulipa alichoahidi anaweza kuwa mtu asiyejitawala, asiyefuata kanuni. Huyo ndiye wanayemwogopa zaidi kila siku. Si lazima auze kitu. Anaweza kusahau faili mezani, akatuma barua kwenye kompyuta isiyo salama, akasema «haina neno».

Kama wewe ni wa kampuni na wakitaka kukunyima, mashauri ya Wizara ya Ulinzi yanakwenda kwenye ofisi inayoitwa DOHA. Wanakutumia kwanza barua yenye sababu zao, deni moja moja na kiasi chake. Una siku 20 za kujibu kwa maandishi, kila kipengele «nakubali» au «nakataa» na maelezo. Unaweza kuomba kusikilizwa mbele ya hakimu. Maamuzi yao yapo mtandaoni, majina yametolewa, mtu yeyote anasoma bure. Soma kumi tu usiku mmoja utaona mtindo. Mwenye deni la elfu sitini aliyekuja na mpango wa malipo na risiti za mwaka mzima anapita. Mwenye elfu kumi aliyeanza kulipa wiki moja baada ya kupata ile barua anaangushwa, hakimu anaandika kwamba amelipa kwa sababu anataka kazi.

Na hili la miaka saba: deni kutoka kwenye ripoti ya mikopo si kulipa. Wameliandika mara nyingi mno. Ukimwambia hakimu «halionekani tena», umemwambia kwamba ulikuwa unasubiri liyeyuke.

Kinachowachoma kuliko kadi ni kodi. Usipopeleka hesabu zako za kodi miaka miwili mitatu, hata kama hudaiwi, wanaona mtu asiyetii sheria anayetaka akabidhiwe siri za serikali ileile.

#12 Kalamu Nyekundu
#11 darasa zuri. Lakini hapo umekubali kwamba suala ni tabia, siyo ujasusi. Na tabia kuipima kwa bili ya hospitali ya nchi isiyo na bima kwa wote, mimi naona ni kuwachuja maskini kwa lugha laini. Mwenye baba wa kumlipia hana sehemu ya 26.

#13 Fundi Faili
Sijakubali wala sijakataa. Nimesema kilichoandikwa.

#14 Shem wa Dallas
Kisa cha shemeji yangu. Alimdhamini rafiki yake wa kanisani kununua gari. Rafiki akahama jimbo, gari likachukuliwa na wakopeshaji, likauzwa mnadani, salio likabaki. Shem kwenye fomu hakuandika kwa sababu kichwani mwake lile halikuwa deni lake, gari hata funguo hajawahi kushika. Mpelelezi akaja na karatasi: «Hili ni nini?» Jasho.

Fomu imeandika wazi kwamba uweke na yale uliyodhamini. Alijieleza kwamba hakuelewa, akaleta jumbe za WhatsApp ambazo rafiki anaahidi kulipa, wakamwelewa. Ilichukua miezi akiwa hana mshahara. Wale wa «nisainie tu kaka, mimi nitalipa» muwaogope kuliko Mrusi wa Mzee Kipara.

#15 Mwana Bukavu
Jambo bandugu. Miye niko Texas, nilikuja kama mkimbizi. Yangu si deni. Kwenye karatasi zetu za kambini siku ya kuzaliwa ni tarehe 1 Januari, sisi wote nyumbani, baba, mama, watoto. Na kuna mtoto wa ndugu tulimuandika kama mtoto wetu kwa sababu wazazi wake walikufa na tulimlea. Sasa fomu inauliza ndugu wa damu. Nikiandika kweli, itapigana na dosie, ile faili ya uhamiaji. Nikiandika kama dosie, nitakuwa nadanganya mara ya pili. Mnasema aje?

#16 Dada wa Norfolk
Mwana Bukavu pole ndugu yangu, hili ni zito kuliko dola 14,000. Faili la uhamiaji wanaliangalia. Tarehe 1 Januari haiwashangazi, wameshaona maelfu. Ila la mtoto usilijaze kwa ushauri wa humu ndani. Tafuta kwanza mwanasheria anayejua uhamiaji na vibali vyote viwili, kwa sababu linaweza kumgusa mpaka huyo mtoto. Mwongozo wa E unamtambua mtu aliyejirekebisha mwenyewe mapema kabla hajabanwa, lakini huo ni wa kibali tu, uhamiaji wana sheria zao.

#17 Mwana Bukavu
Asante dada. Nitafanya hivyo.

#18 Binamu Mwenyewe
Naona nimeanikwa. Huyo binamu ni mimi 😎

Mtoto wa Feri si ungenipigia tu? Sasa nasema hadharani: mimi niliacha deni moja la simu na moja la samani, kibali nikapata, mwaka wa nne huu. Hamna aliyeuliza. Nyie mnamtisha mtoto wa watu na vifungu vya sheria. Wapelelezi wana mafaili mpaka kwenye dari, hawana muda na kochi langu.

#19 Chapati Maji
Mkeka nimeubadilisha, nimeleta godoro.

#20 Fundi Faili
Binamu, kaka, hapa umeandika mwenyewe kwenye intaneti kwamba uliacha deni kwenye SF-86. Mimi sina la kuongeza.

Ila kwa faida ya wengine: zamani walikuwa wanakurudia kila baada ya miaka mitano au kumi. Siku hizi wanaingiza watu kwenye ukaguzi endelevu, mfumo unavuta rekodi za polisi, mahakama na mikopo bila kusubiri muda. Kochi linaweza kufika kabla ya mwaka wa tano.

#21 Kalamu Nyekundu
Lakini Binamu anaonyesha kitu. Aaron Alexis, aliyeua watu 12 Navy Yard, kituo cha Jeshi la Majini pale Washington, Septemba 2013, alikuwa na kibali cha Siri tangu 2008. Hakuandika madeni yake, hakuandika kwamba 2004 alikamatwa Seattle kwa kupiga risasi matairi ya gari la mtu. Alama za vidole zilitoa ile kesi, ripoti ya mikopo ikatoa madeni, wakampa kibali na onyo tu kuhusu madeni. Kwa hiyo uongo ulikuwepo, deni lilikuwepo, na karatasi ikapita. Msiniambie mfumo huu unawachuja waongo.

#22 Mzee Kipara
Ndiyo maana baada ya pale wakaukaza! Ukaguzi endelevu anaousema Fundi Faili ulipata nguvu kutokana na Navy Yard na yule Snowden aliyevujisha siri za NSA. Kampuni iliyowakagua wote wawili ilikuwa moja.

#23 Simba wa Yuda wa Kinondoni
Mnapoteza muda. Hawataki Waafrika, basi. Deni ni kisingizio. Una mama Mbeya na shamba Mkuranga, kwao wewe ni mgeni tu.

#24 Dada wa Norfolk
Simba, mimi nina mama Moshi na nina kibali. Ndugu wa nje wako kipengele B, wanauliza, unajibu, wanapima nchi na ukaribu. Usimvunje moyo kijana.

#25 Shem wa Dallas
Dada, Simba naye asipuuzwe moja kwa moja. Kulikuwa na mpango wa MAVNI, ulioanza 2008, wa kuwachukua jeshini wasio raia wenye lugha zinazohitajika. Kiswahili kilikuwemo kwenye orodha. Vijana wetu wakajiunga. Baadaye wakaongezewa ukaguzi juu ya ukaguzi, 2016 mpango ukasimama, watu wakakaa miaka wanasubiri, wengine wakaondolewa kwa sababu tu wana wazazi nyumbani. Kesi zikafika mahakamani. Hao hawakuwa na kadi za mkopo wala uongo.

#26 Dada wa Norfolk
Hilo la MAVNI ni kweli na liliuma. Lakini lilikuwa jambo la jeshi kuandikisha wasio raia. Mtoto wa Feri ni raia.

#27 Mtoto wa Feri
Nimesoma yote, asanteni. Binamu, tutaonana Jumamosi kwenye nyama choma 😅

Swali jipya kutokana na #23. Nina kiwanja na boma Kigamboni, limefika usawa wa lenta. Kila mwezi natuma pesa, nyingine ya fundi, nyingine ya mama, nyingine ya vikoba vya dada ambavyo jina langu limo. Mpelelezi akiona mtu anadaiwa 14,000 na bado anatuma nje, si itakuwa mbaya zaidi?

#28 Fundi Faili
Sasa umefika kwenye swali lenyewe. Mali ya nje ina sehemu yake, 20A, andika kiwanja, boma na thamani yake. Akaunti na vikoba vyenye jina lako vimo pia. Kama akaunti zako za nje kwa pamoja zilipita dola 10,000 wakati wowote wa mwaka, kuna taarifa ya kila mwaka kwa Wizara ya Fedha, wengi wetu hatuijui kabisa. Iangalie kabla hujatia sahihi.

Kuhusu kutuma: kumtunza mama si kosa. Lakini jiandae na swali hili, utaulizwa kwa upole sana: «Mwaka huu ulituma kiasi gani Tanzania, na ulilipa kiasi gani kwa wadai wako?» Kama jibu ni elfu sita kwa elfu sifuri, ile hoja ya korona inaisha pale. Lenta inaweza kusubiri. Nimeona faili ambalo mtu alikuwa na kila sababu nzuri duniani, hakimu akaiona nyumba ya vyumba vinne Afrika na dola hamsini hazijaenda kwa mdai hata mara moja.

#29 Kalamu Nyekundu
Yaani Mzungu aamue mama yangu ale baada ya benki.

#30 Mzee Kipara
Hajasema mama, amesema lenta. Soma vizuri.

#31 Chapati Maji
Mafundi wa Kigamboni wamesikitika kwa taarifa hii.

#32 Mlami wa Rongai
Swali la pembeni: na bangi? Huko Maryland si wameihalalisha?

#33 Dada wa Norfolk
Jimbo limeihalalisha Julai 2023, serikali ya shirikisho bado. Fomu ni ya shirikisho. Sehemu ya 23. Na ukidanganya, unarudi palepale kwenye E. Anzisha uzi wako Mlami, huu una wenyewe.

#34 Mama Watatu
Mimi nasomaga tu, leo niandike. Nilikuwa na deni la kadi na nililiacha kwenye fomu kwa sababu nililisahau, kweli nililisahau, lilikuwa jina la duka. Usiku nikalikumbuka. Asubuhi nikamwandikia afisa usalama wa kampuni, mpelelezi alipokuja nikamwambia kabla hajafungua mkoba wake. Akaandika sentensi moja, tukaendelea. Aliniuliza zaidi kuhusu wifi yangu wa Muscat kuliko kuhusu deni.

#35 Binamu Mwenyewe
Mama Watatu, mtu akishapita miaka minne, akaenda kusema, wanampokea hivyohivyo? Nauliza kwa niaba ya rafiki.

#36 Chapati Maji
Rafiki mwenye kochi 😂😂😂

#37 Fundi Faili
Mwambie rafiki aongee na mwanasheria kabla ya kuongea na afisa usalama, na aache kuandika humu.

#38 Mtoto wa Feri
Mrejesho mfupi. Nimevuta ripoti zangu tatu za mikopo, Equifax, Experian na TransUnion, ni bure. Bili ya hospitali ipo kwenye mbili. Kadi zote zipo. Na kuna deni la nne silijui, dola 612 za umeme, nyumba ambayo nilishahama na aliyebaki pale ni mtu mmoja tu, mnamjua, anaitwa Binamu Mwenyewe.

#39 Binamu Mwenyewe
Jumamosi sitaweza kuja, nina shifti.